Eksirei, CT, PET na MRI: Kila Picha Ina Swali Lake Pafu Linaposhukiwa Kuwa na Saratani

Mgonjwa anapoambiwa kwamba kivuli kilichoonekana kwenye pafu lake huenda ni saratani, yeye na jamaa zake huanza kutafuta kipimo kikubwa kuliko vyote. Je, eksirei inatosha, au waende CT moja kwa moja? Jirani ametaja MRI, ndugu aliyeko Muscat ametaja PET, na makadirio ya gharama yaliyoandikwa na hospitali yanahitaji ukoo mzima uchangishane. Nyuma ya maswali hayo ipo dhana moja: kwamba vipimo vya picha vimepangwa kwa daraja, eksirei ikiwa ya chini kwa kuwa ni rahisi na PET ikiwa ya juu kwa kuwa ni ghali, na kwamba mwenye uwezo anaweza kuviruka vya chini akalifikia jibu mapema. Dhana hiyo huwagharimu watu fedha nyingi na, baya zaidi, huwapotezea miezi ambayo ugonjwa unaitumia kusambaa.

Kila kipimo kimeundwa kujibu swali lake. Eksirei hujibu kama kuna kitu kifuani kinachostahili kutiliwa shaka. CT hujibu kitu hicho kiko wapi hasa, kina umbo gani na kimegusa nini. PET huonyesha sehemu zinazotumia sukari kupita kawaida, ndani ya kifua na mbali nacho. MRI, inayochora picha kwa sumaku, huitwa kuangalia mahali ambapo vipimo vingine huona kwa shida, hasa ubongo na mishipa ya fahamu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kutamka kwamba hii ni saratani. Tamko hilo hutoka maabara, kwenye kipande cha nyama au chembechembe zilizotazamwa kwa hadubini. Katika eneo letu lipo jambo jingine linalobadilisha maana ya kila picha, nalo ni kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Takwimu nyingi za ubora wa vipimo hivi zilipatikana Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kukutana na vimelea vya kifua kikuu, na haziwezi kuhamishiwa Mwanza au Kisumu bila kutafakariwa upya.

Eksirei, na kile inachokificha

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii mwezi Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na kanuni yake haijabadilika tangu siku hiyo. Mionzi hupita mwilini. Mfupa huizuia kwa wingi, hewa huiacha ipite, na kinachofika upande wa pili huchora picha. Mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, hutokea meusi, na kitu chochote kigumu kilichomo ndani yake hutokea cheupe. Kipimo hiki huchukua dakika chache, kinapatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya, na dozi yake ya mionzi ni ndogo sana: takriban milisiveti 0.1 (milisiveti ni kizio cha dozi ya mionzi), ilhali kila binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula bila kupimwa chochote. Kwa sababu hizo ni haki kabisa eksirei ianze, na daktari anayeiagiza kwanza hafanyi ubahili.

Udhaifu wake ni kwamba kifua kizima, chenye unene wa zaidi ya shibiri, hubanwa kwenye picha moja bapa. Mtaalamu anayeisoma ni kama mtu aliyepewa karatasi kadhaa nyembamba zilizoandikwa, zikapangwa pamoja na kushikwa kwenye mwanga, akaombwa asome mstari mmoja ulio katikati. Uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya mtulinga, nyuma ya moyo, kwenye shina la pafu ambako mishipa mikubwa ya damu hukusanyika, au chini ya mstari wa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) ambako sehemu ya pafu huendelea kushuka bila kuonekana vizuri kutoka mbele. Picha ya ubavuni husaidia kufichua baadhi ya maeneo hayo, lakini mara nyingi haipigwi.

Mapitio ya tafiti zilizofanywa kwa watu waliokuwa tayari na dalili yameonyesha kwamba eksirei huinasa saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 77 hadi 80 ya wenye ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba kati ya wagonjwa watano wenye saratani na dalili zake, mmoja hivi hurudi nyumbani na ripoti inayosema kifua ni safi. Ripoti hiyo haina uongo, kwa kuwa inaeleza kilichoonekana. Kosa hutokea pale inapochukuliwa kuwa hukumu. Mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 aliyevuta sigara kwa miaka mingi, anayekohoa damu, anayepungua uzito bila sababu au ambaye sauti yake imekwaruza kwa wiki kadhaa, anastahili kuendelea kuchunguzwa hata kama eksirei yake haina doa.

Upande wa pili wa tatizo ndio unaowaumiza watu wetu zaidi. Eksirei inapokuwa na kivuli, hasa kwenye sehemu ya juu ya pafu, wazo la kwanza la kila mtu chumbani ni kifua kikuu, na mara nyingi wazo hilo huwa sahihi. Lakini saratani ya mapafu nayo hupenda sehemu ya juu. Kifua kikuu huchimba shimo ndani ya pafu. Saratani ya aina ya seli bapa nayo huweza kuoza katikati na kuacha shimo linalofanana nalo. Yote mawili huleta kikohozi cha muda mrefu, homa za hapa na pale, damu kwenye makohozi, kukonda na uchovu. Mgonjwa huanzishiwa dawa, miezi inapita, hali inazorota, na kivuli kinazidi kupanuka wakati kila mtu anasubiri dozi ikamilike.

Hapa msimamo wangu ni wazi. Makohozi yapimwe kwa kipimo cha vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu, ambacho hutoa jibu ndani ya saa chache na sasa kimeenea katika eneo letu. Vimelea vikipatikana, tiba ianze, na eksirei irudiwe ili kuhakikisha kivuli kinapungua, kwa sababu magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kwenye pafu moja. Lakini pale ambapo dawa zimeanzishwa kwa kuangalia picha tu, makohozi yakiwa hayana vimelea, na baada ya mwezi mmoja au miwili mgonjwa hajapata nafuu wala kivuli hakijapungua, kuendelea kusubiri mwezi wa sita hakuna hoja. Huo ndio wakati wa CT.

CT: mahali, umbo na mipaka

Wazo la kihisabati la kuunda picha ya ndani ya mwili kwa kuunganisha vipimo vya mionzi kutoka pande nyingi lilianza kuchemka Cape Town, katika hospitali ya Groote Schuur, ambako mwanafizikia Allan Cormack alifanya kazi kwa muda katikati ya miaka ya 1950. Mashine yenyewe ilibuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield nchini Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo jijini London mwaka 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Jina la Hounsfield limebaki kwenye vizio vinavyotumika hadi leo kupima ugumu wa kitu kwenye picha: maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, mafuta yako karibu na hasi 100, na mfupa hupanda hadi mamia.

Vizio hivyo vina kazi kubwa kwenye pafu. Kinundu ambacho ndani yake kuna mafuta huwa karibu kila mara si saratani. Kinundu kilichojaa chokaa kwa mpangilio fulani, katikati kabisa au kwa matabaka, mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani, na makovu ya aina hiyo ni mengi katika nchi zenye kifua kikuu. Kinachotia shaka ni kingo zenye miiba inayojichomeka kwenye pafu linalokizunguka, ukubwa, na kasi ya kukua. Kwa desturi, kitu cha mviringo kisichozidi milimita 30 huitwa kinundu, na kinachozidi hapo huitwa uvimbe na huhesabiwa kuwa saratani hadi kithibitishwe vingine.

Kwa vinundu vilivyoonekana kwa bahati, mtu akiwa alipimwa kwa sababu nyingine, wataalamu wengi duniani hufuata mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner Society, chama cha wataalamu wa picha za kifua. Kinundu kigumu kisichofika milimita 6 kina uwezekano wa chini ya asilimia 1 wa kuwa saratani, na kwa mtu asiye na hatari nyingine hakihitaji kufuatiliwa. Cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa kupigwa CT baada ya miezi 6 hadi 12. Kinachozidi milimita 8 hutakiwa kuangaliwa tena baada ya miezi mitatu, au kupimwa kwa PET, au kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya watu wenye umri wa chini ya miaka 35, wala wenye kinga iliyodhoofika, wala wale ambao tayari wanajulikana kuwa na saratani. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka hapaswi kutulizwa kwa jedwali hilo. Kinundu chake kinahitaji daktari anayemfahamu.

CT ya mtu anayeshukiwa saratani inapaswa kupigwa kwa dawa ya kontrasti, yenye iodini, inayochomwa kwenye mshipa ili mishipa ya damu ing'ae na kujitenga na mitoki (tezi za limfu) iliyovimba katikati ya kifua. Inapaswa pia kuanzia sehemu ya chini ya shingo na kushuka hadi kulijumuisha ini pamoja na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kwa kuwa hayo ni maeneo ambayo saratani ya mapafu hupenda kukimbilia. CT ya kifua iliyopigwa bila dawa na kuishia juu ya ini huonekana nafuu kwenye risiti, lakini mara nyingi hulazimu kurudiwa, na kurudiwa ni gharama mbili pamoja na mionzi maradufu. Kabla ya dawa hiyo hospitali huuliza kuhusu figo, na kwa wenye wasiwasi wa figo hupima kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Pia huuliza kama mgonjwa amewahi kupata mzio wa dawa kama hiyo. Maswali hayo yajibiwe kwa ukamilifu, hata kama mgonjwa ana haraka.

Dozi ya mionzi ya CT ya kawaida ya kifua hukaribia milisiveti 7, yaani sawa na kile ambacho mwili hupokea kwa asili katika miaka mitatu hivi. Kwa mtu ambaye tayari anashukiwa saratani, hofu ya dozi hiyo haipaswi kumzuia hata siku moja. Hofu hiyo ina mantiki kwa mtu mzima wa afya anayenunua kifurushi cha uchunguzi, na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana.

Ipo CT ya dozi ndogo, takriban milisiveti 1.5, inayotumika kuwachunguza wavutaji sigara wa muda mrefu ambao hawana dalili yoyote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusisha watu zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, ulionyesha kwamba kuwachunguza kwa CT hiyo badala ya eksirei kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uliotolewa mwaka 2020 ulipata upungufu wa asilimia 24 kwa wanaume katika kipindi cha miaka kumi. Ni ushahidi mzito. Lakini katika utafiti huo wa Marekani, takriban robo ya vipimo vya CT vilionyesha kitu cha kutilia shaka, na zaidi ya asilimia 96 ya matokeo hayo hayakuwa saratani. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wamarekani, katika nchi ambako kifua kikuu kimeacha makovu kwenye mapafu mengi tunapaswa kutarajia vinundu vingi zaidi visivyo na madhara, na pamoja navyo hofu, sindano na gharama. Simshauri mtu asiyewahi kuvuta sigara, asiye na dalili, ajiingize kwenye uchunguzi huo kwa sababu tu kuna punguzo la bei.

PET: sukari haimtambui adui

Katika miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa pupa kuliko seli nyingi za kawaida. PET imejengwa juu ya tabia hiyo. Mgonjwa huchomwa glukosi iliyofungamanishwa na florini yenye mnururisho, akatulia kwa takriban saa moja bila kutembea wala kuongea sana, kisha mashine hupokea miale inayotoka mwilini mwake na kuonyesha ni wapi sukari hiyo imejikusanya. Kwa kuwa picha hiyo pekee haina mipaka mizuri ya viungo, mashine za sasa huunganisha PET na CT katika kitanda kimoja.

Florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110 hivi. Haiwezi kuhifadhiwa ghalani. Hutengenezwa kwenye saiklotroni, mtambo mkubwa wa kuzalisha vitu vyenye mnururisho, siku ileile ya kipimo na kusafirishwa upesi. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini kwa miaka mingi wagonjwa wa Afrika Mashariki walipanda ndege kwenda India kwa ajili ya kipimo hiki, na kwa nini ilikuwa hatua kubwa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipoanza kukitoa mwaka 2018, ikifuatiwa na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa huambiwa afunge kula kwa saa sita hivi, na mwenye kisukari hupangiwa dawa zake kwa uangalifu, kwa sababu sukari ikiwa nyingi kwenye damu hushindana na ile iliyochomwa. Vituo vingi huahirisha kipimo sukari inapozidi milimoli 11 kwa lita.

Seli za saratani, hata hivyo, hazina hakimiliki ya kula sukari. Seli za kinga zinazopigana na vimelea nazo hula sana, na kinundu cha kifua kikuu hai huweza kung'aa kwenye PET kwa ukali uleule wa saratani. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 70 na kuchapishwa mwaka 2014 ulipima jambo hili moja kwa moja. Uwezo wa PET wa kuinasa saratani kwenye kinundu ulikuwa mzuri, takriban asilimia 89. Lakini uwezo wake wa kumtambua mtu asiye na saratani ulikuwa asilimia 77 katika maeneo yasiyo na maambukizi mengi ya mapafu, na ukashuka hadi asilimia 61 katika maeneo ambako maambukizi hayo yamezoeleka. Kwa maneno mengine, katika mazingira yanayofanana na ya kwetu, karibu watu wanne kati ya kumi wenye kinundu kisicho cha saratani wangeambiwa kwamba kinang'aa. Sijui takwimu nyingine inayopaswa kufahamika zaidi ya hiyo kwa familia inayojiandaa kuuza mali ili ilipie PET kama kipimo cha kukata shauri.

Kutong'aa nako kuna mitego yake. Kinundu cha chini ya milimita 8 ni kidogo mno kwa mashine kukipima kwa uhakika. Baadhi ya saratani hukua taratibu na kula kidogo, hasa zile zinazotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa na kuonekana kwenye CT kama ukungu, pamoja na uvimbe wa kasinoidi, aina ya saratani inayokua polepole. Ubongo nao, kwa kuwa chakula chake kikuu ni sukari, hung'aa wote, kwa hiyo uvimbe uliosambaa humo hupotea kwenye mwanga wake. Zaidi ya hayo, ile CT iliyomo ndani ya mashine ya PET mara nyingi hupigwa kwa dozi ndogo, bila dawa ya kontrasti, mgonjwa akiendelea kupumua, hivyo vinundu vidogo hufifia. Si sahihi kudhani kwamba aliyefanya PET amemaliza na CT.

Basi thamani ya PET iko wapi? Iko pale ambapo saratani imekwisha thibitishwa, au inashukiwa kwa nguvu, na CT imeonyesha kwamba huenda mgonjwa akapona kwa upasuaji au kwa mionzi ya tiba. Kabla ya kumpasua mtu kifua, inafaa kujua kama ugonjwa haujafika kwenye mfupa wa nyonga au kwenye ini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha wagonjwa 188, uligundua kwamba wagonjwa waliopasuliwa bila manufaa walikuwa asilimia 41 pale PET isipotumika, na asilimia 21 ilipotumika. Kwa mtu ambaye CT yake tayari imeonyesha ugonjwa umeenea ini zima, PET itaongeza picha yenye rangi na deni, bila kubadilisha tiba.

Hata katika kazi hiyo inayoiweza vizuri, PET inahitaji kusimamiwa. Mitoki ya katikati ya kifua ikingʼaa, isiandikwe kwamba saratani imefika hapo hadi sindano ithibitishe, kwa sababu kifua kikuu, sarkoidosi (ugonjwa wa uvimbe usio saratani), na kwa baadhi ya watu virusi vya UKIMWI vyenyewe, huifanya mitoki hiyo ing'ae. Mgonjwa aliyenyimwa upasuaji kwa sababu ya mtoki uliong'aa, kumbe ni kovu la kifua kikuu linalochemka, amenyimwa nafasi ya kupona.

Vipimo vya kando vinavyofanya kazi kubwa

MRI haitumii mionzi ya eksirei, na watu wengi huamini kwamba kwa hiyo ni bora kwa kila kitu. Kwenye pafu lenyewe si hivyo: hewa haina maji ya kutosha kutoa ishara ambayo mashine inaitegemea, na pafu halitulii. Nguvu yake ni ubongo. Mgonjwa mwenye saratani ya seli ndogo, au anayetarajiwa kupewa tiba ya kuponya akiwa na hatua ya ugonjwa iliyosogea, anapaswa kupigwa MRI ya ubongo, na pale isipopatikana CT ya ubongo yenye kontrasti hutumika badala yake. Nguvu yake ya pili ni uvimbe wa kilele cha pafu, unaoitwa kwa jina la Henry Pancoast wa Philadelphia, ambao hupanda na kubana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Wagonjwa wa aina hii huhangaika kwa miezi wakitibiwa bega, kwa dawa za maumivu na kukandwa, kabla ya mtu kufikiria kukitazama kifua.

Skani ya mifupa kwa teknesiamu, dawa yenye mnururisho inayochomwa mwilini, haihitaji saiklotroni, na inapatikana kwenye vitengo vya tiba ya nyuklia kama kile cha Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Huonyesha mifupa yote kwa mara moja, ingawa baridi yabisi na mivunjiko ya zamani nayo hutokea humo.

Kuhusu ultrasaundi, naona imedharauliwa kupita kiasi kwa sababu watu wameizoea kwa wajawazito. Haiwezi kuona ndani ya pafu lililojaa hewa, lakini huona maji yaliyokusanyika kuzunguka pafu, huelekeza sindano ya kuyatoa, huona ini, na huona mtoki mdogo juu ya mtulinga ambao kidole hakikuugusa. Maji hayo au mtoki huo vinaweza kuleta jibu lote. Mgonjwa aliyetolewa chembechembe kwenye mtoki wa shingoni, kwa sindano nyembamba, katika hospitali ya mkoa, anaweza kuwa amepata kwa mchana mmoja uthibitisho wa saratani na pia uthibitisho kwamba imetoka nje ya kifua.

Picha hutangulia sindano

Ndiyo sababu mpangilio mzuri huitanguliza CT kabla ya kuchukua kinyama: ili picha iseme ni mahali gani panafikika kwa usalama zaidi na panaeleza zaidi. Uvimbe ulio kwenye njia kuu ya hewa hufikiwa kwa bronkoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya hewa. Mitoki ya katikati ya kifua hufikiwa kwa bronkoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, pale inapopatikana. Uvimbe ulio pembeni, karibu na mbavu, huchomwa sindano kwa kuongozwa na CT, na daktari anapaswa kumweleza mgonjwa mapema kwamba wakati mwingine hewa huvuja kuzunguka pafu baada ya sindano hiyo na huenda akahitaji kuwekewa mrija. Kinyama hicho hutenganisha saratani ya seli ndogo na aina nyingine, huonyesha kama ni kifua kikuu baada ya yote, na siku hizi hupimwa mabadiliko ya vinasaba kama EGFR na ALK ambayo huamua kama mgonjwa anaweza kutumia vidonge maalumu. Hakuna picha yoyote, hata ya gharama kubwa kiasi gani, inayoweza kutoa taarifa hizo.

Familia yenye fedha za kipimo kimoja kikubwa tu, ikiniuliza, ningeielekeza kwenye CT yenye kontrasti iliyopigwa kikamilifu, na kiasi kinachobaki kiende kwenye kinyama na maabara inayoaminika ya patholojia. PET ifuate pale tu daktari anapoweza kusema kwa sentensi moja ni uamuzi gani wa tiba utakaobadilika kwa matokeo yake. Swali hilo ni halali kuulizwa, na daktari mzuri hatalichukulia kama kukosewa heshima.

Jambo la mwisho ni picha za zamani, ambazo katika nyumba nyingi huishia juu ya kabati au hutupwa. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kina uwezekano mdogo sana wa kuwa saratani. Vile vyenye ukungu hufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, hadi miaka mitano. Eksirei ya kibali cha kazi iliyopigwa miaka minne iliyopita, ikionyesha doa lilelile mahali palepale, inaweza kumwepusha mtu na sindano. Upimaji wa ukuaji ni kazi ya uangalifu: kinundu cha milimita 10 kinapokuwa milimita 12.6 tu, ujazo wake umekwisha kuongezeka maradufu, na tofauti hiyo ni rahisi kuikosa kama picha mbili zilipigwa kwa mipangilio tofauti au kama mpimaji ana ripoti ya maandishi tu. Kwa hiyo mgonjwa aombe CD ya CT yake pamoja na ripoti, kwa sababu filamu iliyochapishwa hubeba picha chache zilizochaguliwa, ilhali CD hubeba vipande vyote, mamia kwa idadi, ambavyo mtaalamu wa hospitali nyingine anaweza kuvipima upya bila mgonjwa kurudishwa kwenye mashine wala kulipa mara ya pili.